Nchi ni Pana, Mbona Twasongamana?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi ikawa makao ya viumbe vyake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ndio usiku uliohesabiwa watu wa Tanzania. Makarani walipita nyumba hata nyumba, wakiuliza ni nani aliyelala hapo usiku ule, mwenyeji na mgeni, mkubwa na mtoto. Hesabu ilipotangazwa ilionekana kwamba watu wote ni 61,741,120. Wengi wetu tuliisikia tarakimu hiyo, tukastaajabu kidogo, kisha tukaisahau. Lakini nyuma yake liko swali liingialo katika kila nyumba yetu: watu wote hao wamekaa wapi, na ni kitu gani kilichowakalisha hapo? Mbona kijana wa Ng'ambo, Unguja, ataka kuoa na hapati kiwanja cha kujenga hata vyumba viwili, na huku mwenziwe wa Liwale aweza kutembea msituni tangu asubuhi hata adhuhuri asione moshi wa jiko? Swali hili ndilo tulitakalo kulizungumza mwezi huu pamoja na wasomaji wetu, wazee kwa vijana.

Kipimo chenyewe

Wataalamu wa jiografia hupima msongamano wa watu kwa njia nyepesi. Huchukua idadi ya watu wa mahali wakaigawa kwa ukubwa wa mahali hapo, na jawabu lipatikanalo huwa ni watu wangapi kwa kila kilometa moja ya mraba. Kilometa ya mraba ni kipande cha ardhi ambacho kila ubavu wake ni kilometa moja, yaani mwendo wa robo saa hivi kwa mtu atembeaye bila haraka. Kipande hicho kikipimwa kwa eka tulizozizoea, huwa eka 247.

Sasa tufanye hesabu. Tanzania, ukiyatoa maziwa yake, ina nchi kavu ya kilometa za mraba zipatazo 884,000. Lau watu wote wangetandazwa sawasawa, kila kilometa ya mraba ingepata watu 70 hivi. Eka 247 kwa watu 70 ni kusema kila mtu, hata mtoto aliyezaliwa jana, angepata eka tatu na nusu. Basi hapana shaka msomaji wetu atauliza: eka zangu mimi ziko wapi?

Ndipo hapo tuonapo kwamba wastani ni kitu cha kutazamwa kwa hadhari. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 katika sensa hiyo, nao ni mkoa mdogo. Kila kilometa yake ya mraba ina watu zaidi ya 3,800. Ukigawa eka zake, fungu la kila mtu halifiki sehemu moja ya kumi na tano ya eka, na humo humo mna barabara, masoko, maskuli na makaburi. Mkoa wa Lindi, ambao ni mkubwa mno kuliko huo, ulikuwa na watu 1,194,028, nao ni kadiri ya watu 18 tu kwa kilometa ya mraba, yaani zaidi ya eka 13 kwa kila mtu. Mikoa yote miwili iko pwani, yote ina Waislamu wengi na misikiti ya kale, na bado mmoja umesongamana mara mia mbili na zaidi kuliko mwenziwe. Wala wastani wa Lindi nao hausemi kweli yote, kwani sehemu kubwa ya mkoa huo ni hifadhi za wanyama, ambamo mtu haruhusiwi kulima wala kujenga.

Misri na mto wake

Hapana nchi ifundishayo jambo hili kwa uwazi kama Misri. Nchi hiyo ina kilometa za mraba zipatazo milioni moja, na mwezi wa Februari 2020 watu wake walitimia milioni 100. Mwanafunzi atagawa, naye atasema: watu 100 kwa kilometa ya mraba, si wengi sana. Hesabu yake ni sahihi, lakini jawabu lake halimfai mtu. Watu wapatao 95 katika kila 100 wa Misri wanaishi kwenye sehemu 5 tu katika 100 za nchi yao, nazo ni ule ukanda mwembamba wa kijani uandamao Mto Nile, na pembetatu ya ardhi iliyoko mahali mto umwagikapo baharini. Katika ukanda huo kila kilometa ya mraba yachukua kadiri ya watu 1,900. Nje yake, jangwani, ni watu watano hivi.

Kwa nini? Kwa sababu maji ndiyo uhai. Miaka maelfu Nile ilikuwa ikifurika kila mwaka na kuacha juu ya mashamba tope jeusi lenye rutuba, mpaka Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970. Mmisri hakuacha jangwa kwa uvivu. Alikaa palipo na maji na udongo wa kumlisha yeye na wanawe. Ila sasa limezuka jambo la kusikitisha. Watoto wa mkulima wanapokua hutaka nyumba, na nyumba hujengwa pale pale kwenye shamba, kwani ndipo palipo na njia, maji na jamaa. Basi kila mwaka matofali yanaufunika udongo ule ule uliowalisha babu zao, na mchanga wa jangwani wabaki mtupu kama ulivyokuwa. Serikali ya huko imeweka sheria za kuzuia ujenzi mashambani, na imejenga miji mipya jangwani, lakini kuwatoa watu kwenye maji si kazi nyepesi.

Tulishike neno hili, kwa maana ndilo moyo wa makala yetu: watu huufuata udongo mwema na maji matamu, kisha nyumba zao huufunika udongo huo na kuyachafua maji hayo.

Na kwetu je?

Asidhani mtu kwamba hiyo ni habari ya Misri tu. Zanzibar ilihesabiwa watu 1,889,773 mwaka 2022, na visiwa vyote pamoja havizidi sana kilometa za mraba 2,460. Hao ni zaidi ya watu 700 kwa kilometa ya mraba, na fungu la kila mtu ni theluthi ya eka hivi. Lakini hata humo visiwani watu hawakukaa sawasawa. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulikuwa na watu 893,169, nao ni karibu nusu ya Wazanzibari wote, na mkoa wenyewe haufiki hata sehemu moja katika kumi ya ardhi ya visiwa. Mkoa wa Kusini Unguja, ambao ni mkubwa zaidi ya mara tatu, ulikuwa na watu 195,873 tu.

Sababu zake zimo ardhini na zimo katika tarikhi. Upande wa magharibi wa Unguja una udongo mzito, ambako minazi, miembe na mikarafuu hustawi. Upande wa mashariki na kusini ni uwanda wa mawe ya matumbawe. Udongo wake ni haba, umejificha katika mashimo ya mawe, na mkulima wa huko hulima penye konzi ya udongo akaacha penye jiwe. Ndiyo maana watu wa Makunduchi na Jambiani tangu zamani wametegemea bahari kama walivyotegemea jembe. Tena bandari nzuri iko upande wa magharibi. Sayyid Said bin Sultan alipofanya Unguja kuwa makao yake katika karne ya kumi na tisa, biashara ya karafuu na pembe ilikusanya watu hapo, matajiri katika nyumba za mawe, na wachukuzi, mafundi na walioachwa huru ng'ambo ya pili ya kijito cha bahari, mahali ambapo hata leo paitwa Ng'ambo ingawa kijito chenyewe kilikwisha fukiwa.

Sasa mji umetoka Ng'ambo, unakwenda mashamba. Panapokatwa mnazi pasimame nyumba, udongo ule mzito hautarudi tena kuwa shamba. Nasi tunaona kwa macho yetu vijiji ambavyo zamani vilileta mihogo na ndizi sokoni, na leo watu wake wanakwenda sokoni kununua mihogo na ndizi zilizotoka bara. Wamisri wametutangulia tu. Njia ni moja.

Je, dawa ni kuwahamisha watu?

Wako wasemao: nchi ni pana, wahamishwe waliosongamana wapelekwe palipo patupu. Ndugu zetu wa Indonesia, ambao ni taifa lenye Waislamu wengi mno, wamelijaribu jambo hilo kuliko watu wengine. Katika sensa yao ya mwaka 2020 walikuwa watu milioni 270, na katika hao milioni 151 walikaa katika kisiwa kimoja cha Java, ambacho ni kadiri ya sehemu 7 tu katika 100 za nchi yao. Java ina milima ya moto, na majivu ya milima hiyo hufanya udongo wenye rutuba kubwa. Mpunga huvunwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Ndiyo maana kila kilometa yake ya mraba ina watu zaidi ya 1,100. Kalimantan, ambayo ni kubwa mara nne, ina watu 30 hivi tu kwa kilometa ya mraba.

Waholanzi walipoitawala nchi hiyo walianza mwaka 1905 kuhamisha watu kutoka Java, na serikali huru iliyofuata ikaendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi, ikahamisha mamilioni. Java haikupungua. Tena huko walikopelekwa, wengi waliukuta udongo usio kama wa kwao, udongo ambao mvua imeuosha rutuba yake. Mwaka 1996 ilianzwa kazi kubwa ya kugeuza hekta milioni moja za mabwawa ya Kalimantan kuwa mashamba ya mpunga. Mifereji ikachimbwa, maji yakatoka, na ile mboji nene ya majani yaliyooza ikakauka na kuwaka moto mwaka wa pili yake. Mpunga haukupatikana, na msitu ukapotea.

Mafunzo yake ni kwamba mahali patupu huenda pana sababu ya kuwa patupu. Hatusemi kwamba mtu asihame. Dini yetu yenyewe tarikhi yake huhesabiwa tangu Hijra, na mwenye kubanwa mahali anaruhusiwa, bali wakati mwingine anahimizwa, kutafuta riziki na amani pengine. Lakini mwenye kuhama na aulize kwanza: maji yako wapi, udongo ni wa namna gani, wenyeji wa hapo ni nani na haki yao ni ipi?

Wingi si balaa, uchache si baraka

Wengine wamedhani kwamba umaskini watoka na wingi wa watu. Tulipime neno hilo. Niger, nchi ya Kiislamu katika Afrika Magharibi, ina kadiri ya watu 20 tu kwa kilometa ya mraba, nayo ni miongoni mwa nchi maskini sana duniani. Uholanzi ina zaidi ya watu 500, nayo yauza mazao ya shamba katika dunia nzima. Basi si idadi peke yake. Na uchache wa watu una taabu yake vilevile: kijiji cha nyumba chache zilizotawanyika hakipati daktari kwa wepesi, skuli iko mbali, bomba la maji lina gharama kubwa kwa kila nyumba, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hufika hospitali amechelewa.

Mjini taabu ni nyingine. Mwaka 1854 katika mtaa mmoja wa London wenye nyumba zilizobanana, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 kwa muda wa wiki chache. Watu walisema ni hewa mbaya ya msongamano. Tabibu mmoja, jina lake John Snow, alikwenda nyumba kwa nyumba akaandika ni wapi waliokufa, akaona kwamba wengi wao walikunywa maji ya pampu moja iliyoko Broad Street. Mkono wa pampu ukaondolewa, na baadaye ikajulikana kwamba uchafu wa shimo lililokuwa karibu ulikuwa ukiingia katika kisima hicho. Hawakuuawa na wingi wao. Waliuawa na choo kilichokaribiana na kisima.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa pwani, kwani mawe ya matumbawe yana matundu, na kilichomwagwa juu hushuka upesi kwenye maji ya chini. Penye nyumba kumi, mtu aweza kuchimba choo na kisima mbali mbali. Penye nyumba mia, choo changu kiko ubavuni mwa kisima chako. Mtume (S.A.W.) alikwisha tuhadharisha tusichafue mahali pa maji, njia za watu na vivuli wapumzikiavyo. Basi mwenye kuchimba shimo la choo bila kutazama kisima cha jirani asidhani kwamba amefanya kosa dogo.

Kwamba utaratibu waweza kuushinda msongamano, tutazame Mina. Bonde lile kwa siku nyingi za mwaka lina watu wachache. Zikifika siku za Hija hujaa. Mwaka 2024 mahujaji walikuwa 1,833,164. Mwezi wa Aprili 1997 moto ulizuka katika mahema ya Mina, ukaua mahujaji zaidi ya 300. Baada ya hapo yalisimamishwa mahema ya kitambaa kisichoshika moto kwa wepesi. Bonde halikuongezeka upana. Lililobadilika ni hema. Wala hatusemi kwamba hatari imekwisha, maana Septemba 2015 mamia kwa mamia walikufa hapo hapo Mina kwa kukanyagana njiani. Twasema tu kwamba penye watu wengi, uzembe wa mmoja huua wengi, na uangalifu wa mmoja huokoa wengi.

Shamba la urithi

Tumalizie nyumbani. Tuchukue mfano wa mtu aliyekufa akaacha shamba la eka 8, mke mmoja, watoto watatu wanaume na wawili wanawake. Mke apata thumuni, nayo ni eka moja. Zilizobaki 7 zagawanywa kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja; kila mwanamume apata eka moja na robo tatu. Mmoja wao akifa naye akaacha warithi kama wale wale, kila mwanawe mwanamume hatapata hata nusu eka. Katika vizazi viwili shamba limekuwa viwanja, na mwenye kiwanja haoni la kufanya ila kukiuza au kujenga.

Kosa si la sheria ya mirathi, hasha. Sheria imeamuru kila mwenye haki apewe haki yake. Haikuamuru mnazi ukatwe. Warithi wakiridhiana, waweza kuliacha shamba lao zima na kugawana mavuno kwa mafungu yao, au mmoja awanunulie wenziwe kwa bei ya haki. Tena sharia imempa mshirika haki ya shufaa, kwamba fungu la mwenziwe likiuzwa kwa mgeni, yeye ndiye wa kwanza kulichukua kwa bei ile ile. Mambo haya tunayasoma vitabuni, na ikiwa ni siku ya kugawa twayasahau. Wazee na wayaseme wangali hai, mbele ya watoto wote, wanawake kwa wanaume, ili asije mmoja akadhulumiwa kwa jina la kulihifadhi shamba.

Na yule kijana wa Ng'ambo, twamwambia nini? Twamwambia kwamba si aibu kujenga juu ya nyumba ya baba yake, ikiwa msingi wachukua na fundi amethibitisha, kuliko kukata mikarafuu iliyo hai. Akijenga chini, aache njia ya kupita jeneza na gari la wagonjwa. Asimzibie jirani upepo, wala asimwelekezee maji machafu. Jibrili (A.S.) alimuusia Mtume wetu habari ya jirani hata akadhani jirani atarithishwa, na huko palipo na watu 18 kwa kilometa, jirani yuko mbali, lakini hapa petu jirani ni ukuta mmoja. Kadiri tunavyosongamana ndivyo wasia huo unavyotuzidia uzito.

Makarani watakuja tena katika sensa ijayo, na inshallah wengi wetu tutahesabiwa. Ardhi haitakuwa imeongezeka hata shubiri moja, na watu watakuwa wameongezeka. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuilinda amana hii, na awape wanetu mahali pa kulala, pa kulima na pa kuzikwa. Amin.